Mashine ya kushtua moyo ikifungiwa ofisini

Ukikodi ukumbi wa harusi au arobaini hapa Uingereza, utaulizwa wageni ni wangapi, nani atafagia na muziki utazimwa saa ngapi. Wewe nawe uliza: mashine ya kushtua moyo kwa umeme (defibrillator) iko wapi, na usiku nani anaifikia?

Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kubonyeza kifua wala kushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 10. Ambulensi haishindani na hesabu hiyo.

Hapa hakuna sheria inayolazimisha kila ukumbi, msikiti au kanisa kuwa na mashine. South Australia, jimbo la Australia, ilipitisha sheria yake mwaka 2022. Majengo ya serikali yakaanza kubanwa Januari 2025, ya binafsi Januari 2026. Wanaodai sheria kama hiyo huku wana haki, ila neno "kuwa nayo" halitoshi. Mashine iliyo ofisini, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu aliyekwisha lala, ni pambo tu. Sheria itaje ukuta wa nje, saa 24, na usajili.

Usajili hufanywa kwenye The Circuit, mtandao wa kitaifa unaoendeshwa na British Heart Foundation, shirika la hisani la magonjwa ya moyo, pamoja na huduma za ambulensi. Mashine isiyosajiliwa, mpokea simu wa 999, namba ya dharura, haioni kwenye skrini yake. Atakutuma mtaa wa pili ilhali nyingine inaning'inia nyuma yako. Msimamizi huandika mahali ilipo na tarehe za pedi (vibandiko vya kifuani vinavyopitisha umeme) na betri. Wekeni wasimamizi wawili, maana watu wetu huhama sana.

Kinachoharibika mara nyingi ni pedi. Jeli yake hukauka, na zikishatumika hutupwa, kwa hiyo jozi ya akiba iwepo. Kabati la nje linahitaji kipasha joto kwa ajili ya baridi. Mtu akizima swichi yake ukutani, hakuna atakayejua mpaka Januari. Kabati la kufuli ya namba hufunguliwa kwa namba ya siri kutoka 999, lakini bora lisifungwe kabisa. Ndani kuwe na mkasi, wembe na taulo.

Mtu akianguka, haitiki, na hapumui kawaida, usidanganywe na kukoroma kwa vipindi. Huko si kupumua. Mmoja apige 999, simu iwe kwenye spika. Mwingine abonyeze katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wa tatu akimbilie mashine. Kata nguo mpaka ngozi, futa jasho, sogeza cheni au hirizi. Pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Asiyejua Kiingereza afuate michoro iliyo kwenye pedi. Akiwa ni mwanamke, haya isiwacheleweshe: wawili washike kanga iwe pazia, kazi iendelee.

Mashine hupima yenyewe, na haimshtui asiyehitaji. Ikishtua, rudini kubonyeza papo hapo. Itapima tena baada ya dakika 2. Hata akifumbua macho, msibandue pedi mpaka wahudumu wafike.