Faili lipo, mashine inasema halipo

Jana nusura niirushe kompyuta dirishani. Nina programu yangu ya zamani ya biti 32, nikaihamishia kwenye Linux mpya ya biti 64. Naiwasha, najibiwa: hakuna faili kama hilo. Nikiandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, hilo hapo, linanitazama! Nikabadilisha ruhusa, nikanakili upya, wapi.

Saa mbili baadaye ndipo nikakumbuka amri ya file, inayotaja aina ya faili. Ikanionyesha: ELF (muundo wa programu za Linux) ya biti 32, inataka kipakizi /lib/ld-linux.so.2, yaani programu ndogo inayoipakia pamoja na maktaba zake. Kumbe kilichokosekana ni hicho kipakizi, si programu yenyewe. Kerneli, kiini cha mfumo, wala haikuwa na kinyongo. Prosesa za x86-64 huendesha msimbo wa biti 32 moja kwa moja, bila kuigiza chochote, mradi kerneli imejengwa na uwezo huo. Ila ujumbe ule jamani, ungetaja tu jina la kinachotafutwa ningelala mapema.

Mimi natumia Debian, mojawapo ya aina za Linux, ambako biti 32 huitwa i386. Nikaandika dpkg --add-architecture i386, apt update, halafu apt install libc6:i386, yenye kipakizi hicho. Programu ikagoma tena ikidai libstdc++6, maktaba ya C++, nikaipa nayo ya i386. Ikafunguka, na vitufe vyake vya kijivu vilevile.