Mawe sita, beseni moja

Saa 11 alfajiri. Niko jikoni na beseni la maji, mawe 6 na nusu chupa ya plastiki niliyoikata kwa urefu. Jaribio ambalo sijalifanya mwenyewe siwapelekei watoto. Mawe yakiwa chini, chupa inaelea imetulia. Nikiyapandisha juu ya kadibodi, inalala ubavu.

Saa 2 nawasimulia habari za Vasa, meli ya kivita ya Uswidi yenye mizinga 64. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga Stockholm, ikaenda kama mita 1,300 tu, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama. Kila mtoto anaandika kwanza anachodhani. Wengi: ilikuwa nzito mno. Sisahihishi. Nawaachia beseni.

Chupa zao nimezitoboa vidirisha ubavuni. Mawe yakiwa chini, msichana mmoja anapuliza mpaka mashavu yanamvimba. Chupa inayumba na kurudi. Anayahamishia juu, anapuliza kidogo tu. Chupa inainama, ukingo wa kidirisha unagusa maji, uzi mwembamba unapenya, mara chupa nzima iko chini. Anayahesabu mawe yake. "Lakini uzito haujaongezeka, Mwalimu!" Ndipo ninapoandika ubaoni: kitovu cha graviti, yaani pale ambapo uzito wote wa kitu ni kama umekusanyika. Wameshakiona, kilikosa jina tu.

Saa 4 linakuja swali ninalolingoja kila mwaka: hakuna aliyejua? Walijua. Kabla ya safari mabaharia 30 walikimbizwa sitahani, ubavu hadi ubavu, na meli ikayumba vibaya hata zoezi likasitishwa. Mfalme alikuwa vitani, anaidai meli yake. Hapa huwa siongezi neno; nawaacha wabishane wenyewe.

Mchana, madaftari.

Saa 1 usiku najaribu somo la kesho: Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani kilichopotea mwaka 1986 pamoja na watu 7, baada ya pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi zake kukakamaa kwa baridi. Mwanafizikia Richard Feynman alionyesha jambo hilo mbele ya kamera kwa bilauri ya maji ya barafu. Nami nabana mpira wa kufungia vifurushi, nauzamisha kwenye barafu, nauachia. Unaruka kama kawaida! Nimeurudia mara tatu. Mpira wa roketi ulikuwa wa aina nyingine.

Kesho nitawapelekea huuhuu, na barafu, wautafute wenyewe utakaokakamaa.