Usiku Nilioteka Maji kwa Kata

Kilichoniamsha ni ukimya. Nyumba yetu ya Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, ilikuwa na sauti yake ya siku zote: mvumo wa pampu mbili, na maji yakidondokea kwenye kichujio chini ya tangi la samaki. Nilikuwa nimelala na sauti hiyo kwa miaka miwili, hata masikio yakaacha kuisikia. Ilipokatika, nikajikuta nimekaa kitandani kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 22 Desemba 2013. Tangu Ijumaa ilikuwa ikinyesha mvua ya barafu, ile inayoshuka kama maji na kuganda papo hapo inapogusa kitu. Miti ilikuwa imevikwa barafu kila tawi, na matawi yakawa yanavunjika kwa uzito na kuangukia nyaya za umeme. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki, moja huku, nyingine kule, usiku kucha. Kulipokucha, redio ya gari ikatuambia kuwa katika jiji zima wateja 300,000 hivi hawana umeme.

Mume wangu alikwenda kuangalia mabomba. Mimi nilichukua tochi nikaenda kwenye tangi.

Tangi lenyewe ni la lita 280. Tulilinunua likiwa limetumika, mwaka 2011, na miezi minane ya mwanzo halikuwa na kitu cha kutazamwa zaidi ya mawe, maji ya chumvi na konokono. Muuzaji mmoja alitaka kuniuzia anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye umbo la ua, wiki ya kwanza. Nilikataa, na mpaka leo naona aliyefanya haraka hapo humuua mnyama kwa makusudi hata kama hakukusudia. Tangi changa maji yake hayajatulia: leo chumvi imepanda, kesho bakteria wa kusafisha uchafu hawatoshi. Samaki anaweza kuvumilia siku mbaya. Anemoni hana mfupa wala gamba, ni nyama na maji tu, na kila kilichomo kwenye maji kinamwingia.

Nilipomleta hatimaye, alitembea siku tatu. Watu wengi hawajui kuwa anemoni anatembea. Ana unyayo mmoja anaojibandika nao kwenye jiwe, na mahali pasipompendeza anabandua na kuhama, polepole, usiku hasa. Ndiyo maana mdomo wa pampu lazima uvikwe sponji, la sivyo utamkuta asubuhi amesagwa na tangi zima limechafuka. Wangu aliishia kwenye tundu la jiwe la kati, akaingiza unyayo ndani na kutandaza nje minyiri, ile mikono yake myembamba inayochoma. Ni yule aina ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama vipovu. Anapatikana hata kwetu Unguja, na nilipokuwa mtoto Jambiani nilimwona mara nyingi karibu na mwamba, siku za bamvua maji yakipwa sana na mama akiwa kwenye mwani wake. Sisi watoto tulimwita ua la mwambani.

Samaki wake walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe, waliozaliwa kwenye tangi la mfugaji na hawakuwahi kuiona bahari. Kwao, huko Asia ya Kusini Mashariki, aina yao huishi na anemoni wa namna nyingine, kwa hiyo sikuwa na hakika kama wangempokea huyu. Iliwachukua wiki tano. Mmoja alianza kwa kumgusa kwa mkia na kukimbia, akamgusa kwa tumbo na kukimbia, mpaka ute wa mwili wake ukazoeana naye na minyiri ikaacha kumchoma. Binti yangu, wakati huo ana miaka minane, alimwita yule mkubwa Bi Mkubwa na yule mwingine Bwana Mdogo, na majina yaliwakaa sawasawa. Kwa samaki hawa mkubwa ndiye jike na ndiye mwenye amri. Akifa, dume hugeuka kuwa jike na kushika nafasi yake.

Pamoja nao kulikuwa na kamba msafishaji na samaki mmoja wa manjano aitwaye kangaja, kipenzi cha mume wangu.

Jumapili ile asubuhi kipimajoto cha tangi kilisoma nyuzi 24, badala ya 26. Baridi ilinitisha, lakini kwa baridi nilikuwa na la kufanya. Tulilizungushia tangi mablanketi yote ya nyumba. Jiko letu ni la gesi na liliweza kuwashwa kwa kiberiti, kwa hiyo tulichemsha maji, tukayatia kwenye chupa, tukazifunga vizuri na kuziacha zielee juu ya maji ya chumvi. Dirisha la jikoni tuliliacha wazi kidogo, maana redio ilikuwa ikionya kila saa juu ya hewa ya sumu kwa wanaowasha moto ndani.

Hewa ya kwenye maji ndiyo iliyonishinda. Bahari hupumua kwa mawimbi. Tangi hupumua kwa pampu, na pampu ikisimama, samaki na kamba na anemoni na bakteria wa kwenye mawe wote wanagombania kile kidogo kilichobaki. Kufikia saa sita mchana kangaja alikuwa juu kabisa, mdomo ukifunguka na kufunga kwenye ngozi ya maji.

Nikampigia mama simu niliyoichaji kwenye gari. Kwake Jambiani ilikuwa saa mbili usiku.

"Shikamoo mama."

"Marhaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tumekaa giza miezi mitatu mwaka ule, hujatusikia tukilia." Alikuwa anasema kweli. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haikuwa na umeme, na yeye alikuwa akinipigia kwa simu aliyoichaji kwenye jenereta ya jirani kuniuliza mimi kama sijambo.

"Silii umeme, mama. Nawalilia samaki. Maji yamesimama."

Hapo sauti yake ikabadilika. Mama amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia kwetu, na anajua maji yaliyosimama yanavyofanya. Mwani ukikaa kwenye maji ya moto yasiyotembea, huanza kuwa mweupe kwenye vifundo na kukatika vipande.

"Basi yateke," akasema. "Teka, umimine kutoka juu, kama unavyopoza chai. Usichoke."

Jikoni kwangu kulikuwa na kata aliyonipa nilipoolewa, kifuu cha nazi chenye mpini wa mti, imetundikwa ukutani kama pambo. Niliichagua hiyo kwa sababu moja tu: haikuwahi kuoshwa kwa sabuni. Jagi za plastiki zote zilikuwa zimepitia sabuni miaka na miaka, na mabaki ya sabuni kwenye tangi ni sumu. Nikakunja mkono wa sweta, nikachota, nikainua kata mpaka usawa wa uso wangu, nikamimina. Maji yakapasua maji na kuingia na vipovu mpaka katikati ya tangi. Nikachota tena. Kata hamsini, kisha mapumziko ya robo saa, kisha hamsini nyingine. Baada ya saa nzima kangaja alishuka kidogo kutoka juu. Nikajua tumepata njia.

Tulipeana zamu mimi na mume wangu. Godoro tulilileta sebuleni, binti akalala katikati yetu na makoti yake mawili. Mchana mume wangu aliniachia nilale. Usiku nilichukua zamu ndefu mwenyewe kwa sababu usingizi haukuja hata hivyo.

Usiku wa kwanza, kama saa tisa, nilimulika tochi upande ili nisiwashtue. Anemoni alikuwa amejikunja, minyiri imelegea kama kitambaa kilicholowa. Bwana Mdogo alikuwa ametulia pembeni. Bi Mkubwa alikuwa katikati kabisa, kwenye kifua cha anemoni, na hakuwa ametulia. Alikuwa akijipinda kushoto na kulia, akipunga mapezi yake ya mbavuni bila kusimama, akipita katikati ya minyiri na kuifungua, akigeuka na kupita tena. Nikadhani ni woga wa tochi. Nikaizima, nikahesabu mpaka mia, nikaiwasha kwa kufunika kioo chake na vidole. Alikuwa anaendelea vile vile.

Nilikaa na kata mkononi nikamtazama muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nikieleza wageni kwamba samaki huyu ni mpangaji: anemoni anamlinda kwa sumu yake, na samaki anafaidi. Nikiongeza kwamba samaki naye hufukuza wanaomtafuna anemoni, niliona nimemaliza. Usiku ule niliona kitu kingine. Bi Mkubwa alikuwa anampelekea maji. Baadaye sana nilisoma kuwa watafiti walikuwa wamelichunguza jambo hilo kwa samaki wa Bahari ya Shamu na anemoni wa aina hii hii yangu, na matokeo yalichapishwa mwaka ule ule wa 2013. Usiku, mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya anemoni unapokosa mwanga na kuacha kutoa oksijeni, samaki hujipinda na kupunga ndani ya minyiri, na maji mapya humfikia anemoni. Nilipousoma nililia, sioni haya kusema.

Nikainuka nikachota kata hamsini zangu.

Kangaja alikufa usiku wa Jumatatu. Samaki wa namna yake amezoea kuogelea kutwa kwenye mwamba wenye mawimbi, na hewa ikipungua yeye hutangulia. Tulimtoa mara moja kabla hajachafua maji. Binti yangu aliuliza ametoka wapi, nikamwambia Hawaii, alivuliwa huko. Akauliza, "Kwa nini tulimleta?" Sikuwa na jibu la kumpa, na tangu siku hiyo sijanunua samaki aliyetolewa baharini.

Jumanne maji yalishuka mpaka nyuzi 19. Mume wangu alikuwa amezunguka maduka kutafuta pampu ndogo za betri, zimekwisha kote. Mchana ule anemoni alifanya lililonivunja moyo: alinywea mpaka akawa mdogo kama ngumi ya mtoto, rangi imefifia, mdomo wake wa katikati umeachama.

"Amekufa," mume wangu akasema. "Mtoe, mke wangu. Akioza humo tutawapoteza wote."

Na alikuwa na haki. Anemoni aliyekufa huyeyuka, na kwa saa chache anaweza kuharibu maji ya tangi zima. Nilichota maji kutoka pembeni yake kwa kata nikayanusa. Harufu ya chumvi, na ya jiwe, basi. Hakukuwa na uvundo. Nikaingiza mkono mpaka juu ya kiwiko, maji yakaniuma kwa baridi, nikamfikia na kumgusa kwa ncha ya kidole.

Akaninata. Kidogo tu, kama ulimi wa paka, mnyiri mmoja uling'ang'ania kidole nilipokivuta, ukanyooka, ukaachia. Bi Mkubwa alitoka kwenye mikunjo akaja akaniuma kwenye kiungo cha kidole gumba. Nilikuwa sijawahi kufurahi hivyo kuumwa na samaki.

"Yu hai," nikasema. "Hatoki."

Mume wangu hakubisha. Alichukua kata akaanza kuhesabu.

Umeme ulirudi Jumatano jioni, tarehe 25. Taa ya sebuleni iliwaka, friji ikakohoa, na chini ya tangi pampu ikaguna mara mbili kabla ya kushika. Nilikuwa nimeinua kata hewani. Niliimimina kwanza, kisha nikaketi sakafuni. Hita nilizipandisha polepole, nyuzi moja baada ya nyingine, mpaka siku ya pili. Kamba msafishaji alitoka chini ya jiwe akiwa na ndevu zake zote. Anemoni hakufunguka mpaka Ijumaa, na hata hapo alikuwa mweupe kuliko kawaida yake.

Wiki ya tatu ya Januari nilimwona amejivuta pande mbili, kama unga unaokatwa matonge. Nikafikiri sasa ndiyo mwisho. Asubuhi ya pili walikuwa wawili, kila mmoja na jeraha lake ubavuni, na baada ya siku chache kila mmoja na mdomo wake. Anemoni wa aina hii hujigawa, na mara nyingi hufanya hivyo baada ya shida.

Nikampigia mama.

"Na lile ua lako?" akauliza kabla hata sijamaliza salamu.

"Limegawanyika, mama. Sasa yako mawili."

"Alhamdulillahi. Na samaki?"

"Bi Mkubwa kachukua la kushoto. Bwana Mdogo anakwenda huku na huku, kila akikaribia anafukuzwa."

"Mwache," mama akasema. "Atamwita usiku."

Nilisubiri usiku nikatazama kwa tochi, vidole vimefunika kioo. Walikuwa wote wawili kwenye lile la kushoto, na Bi Mkubwa alikuwa akipunga.