Imani Nje ya Mazoea

Inapohubiriwa habari ya kuacha mazoea kwa ajili ya imani, mara nyingi hutajwa Abramu, aliyetoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, au Petro, aliyeshuka chomboni akatembea juu ya maji. Ni mifano mizuri, ila huniacha nikidhani kwamba jambo lenyewe ni la safari kubwa au la muujiza, na kwamba Mkristo mwenye kazi na watoto wa kulea hana sehemu humo. Mimi hupenda zaidi kumfuata Petro yule yule katika sura ya 10 ya Matendo ya Mitume, ambapo alitakiwa tu kuingia nyumbani mwa mtu.

Wakati huo Petro hakuwa mchanga wa imani. Alikwisha kuhubiri siku ya Pentekoste, alikwisha kupigwa kwa ajili ya jina la Yesu, na kule Yafa Tabitha alikuwa amefufuka baada ya maombi yake. Hata hivyo, alipoonyeshwa kitu kama nguo kubwa iliyojaa wanyama wa kila namna, hata wale ambao torati iliwakataza Wayahudi kuwala, na kuambiwa achinje ale, alijibu, "Hasha, Bwana", maneno mawili ambayo, ukiyatafakari, hayakai vizuri pamoja. Alichokuwa akikitetea hakikuwa uovu, bali utii wa torati aliolelewa nao tangu utotoni. Hapo ndipo ninapouona ugumu wa jambo hili, kwa maana mazoea yanayotuzuia kukua mara nyingi huwa yamevaa vazi la ibada, na ni nani atakayemkemea mtu kwa ibada yake?

Maono yale, licha ya kurudiwa mara tatu, hayakumfanya aelewe. Wajumbe wa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi huko Kaisaria, mtu asiye Myahudi ambaye kwa mazoea ya Kiyahudi Petro asingeingia kwake, walifika mlangoni yeye akiwa bado anajiuliza maana yake, na Roho akamwambia ashuke afuatane nao. Aliwakaribisha walale, kesho yake akaondoka pamoja na ndugu sita, na ni baada ya kuingia katika nyumba ya yule akida wa Kirumi na kumsikiliza ndipo alipokiri kwamba Mungu hana upendeleo. Wengi wetu tungependa mpangilio mwingine: kwanza tuelewe, kisha tupate amani moyoni, ndipo tuondoke.

Kwangu mimi, niliye mtu mkimya, jambo gumu ni kuomba kwa sauti kando ya kitanda cha mgonjwa nisiyemfahamu. Kuimba kwaya hakunisumbui hata kidogo, kwa kuwa wimbo tumeufanyia mazoezi na sauti yangu imefichwa katikati ya sauti za wenzangu. Wodini sina cha kujifichia, na maombi yanayotoka kwa kusitasita huko yamenifundisha kumtegemea Mungu kuliko nyimbo zote ninazozijua kwa moyo. (Najua wapo ambao kwao kusema ni rahisi, na kinachowashinda ni kunyamaza na kusikiliza.)

Si kila kinachotisha kimetoka kwa Mungu, hata hivyo. Yesu alipowekwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe chini, alikataa, akasema tusimjaribu Bwana. Petro hakwenda Kaisaria kujipima ujasiri. Kulikuwa na watu waliokuwa wakimngojea.

Aliporudi Yerusalemu alilaumiwa kwa kula na watu wasiotahiriwa, akawaeleza habari yote kwa taratibu hata wakamtukuza Mungu. Lakini baadaye, huko Antiokia, aliacha kula pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na Paulo akampinga uso kwa uso. Ikiwa mtume aliweza kurudi nyuma namna hiyo, sishangai kuuona moyo wangu ukitafuta kisingizio cha kutokwenda wodini, ingawa safari iliyopita nilirudi nikiwa na furaha.