Nilivyofika Sehel, kisiwa cha mawe yaliyoandikwa

Ukiwa Aswan, mji wa kusini mwa Misri, ukasema "Sehel" ukanyamaza, manahodha wengi watajua unataka Gharb Sehel, kile kijiji cha Wanubi kilichoko ukingo wa magharibi wa mto Nile, chenye nyumba za rangi, ngamia wa kupanda na mamba wanaofugwa majumbani. Watalii wengi huishia huko na wanarudi wameridhika. Mimi nilitaka kisiwa chenyewe, kilicho mtoni, kilomita chache kusini mwa mji, ambako watu wa zama za mafarao waliacha maandishi zaidi ya 250 juu ya mawe. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuwekana sawa na nahodha si bei, ni mahali: Geziret Sehel, kwenye mawe yenye maandishi. Wetu alipolisikia hilo alituangalia upya, akauliza kama sisi ni wanafunzi wa mambo ya kale.

Hatukuwa. Mimi nasoma Cairo, fani isiyogusana kabisa na mafarao. Mwenzangu ni mtu wa Pemba, mwanafunzi wa Al-Azhar, amenitangulia Misri na ndiye aliyekuwa akitusemea Kiarabu cha mitaani. Namwita Sheikh, kwa heshima na kwa utani kidogo. Yeye huniita mdogo wangu. Tulipanda treni ya usiku wakati wa likizo ya Januari, maana Aswan ya kiangazi hupita nyuzi 40 na juu ya miamba ile huna pa kujificha jua.

"Mdogo wangu, wewe tazama mto tu," Sheikh akaniambia pale kando ya maji. "Ukianza kuchekacheka, bei inapanda."

Nikatazama mto. Yeye akaondoka mara mbili, akaitwa mara mbili, mwishowe wakapeana mikono. Siri yake aliniambia baadaye: patana bei ya chombo kizima, si ya kichwa; taja kwenda, kungoja na kurudi, yote matatu, kwa sababu kungoja ndiko kunakozua maneno; na fedha zitoke mkishateremka mwisho wa safari. Tulichukua faluka, ile mashua ya tanga, badala ya boti ya mashine. Bei yake ilikuwa nafuu zaidi, na Sheikh, kwa kuwa ni mtoto wa pwani, hakutaka kusikia habari ya mashine.

Upepo wa Aswan kwa kawaida huvuma kutoka kaskazini, ilhali mto unateremka kuelekea kaskazini. Ukienda kusini unatweka tanga na upepo unakusukuma dhidi ya mkondo. Ukirudi, mkondo unakuchukua, na tanga linabaki la kubishia, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Hili limeingia hata kwenye hieroglifi, maandishi ya picha ya Wamisri wa kale: kitenzi cha kwenda kusini huandikwa na picha ya chombo kilichotweka tanga, na cha kwenda kaskazini na chombo ambacho tanga limeshushwa. Nilipomweleza Sheikh, akasema hao walikuwa mabaharia, si wajenzi wa makaburi tu.

Kadiri unavyokaribia Sehel mto unakatikakatika kati ya mawe. Hapa ndipo kwenye maporomoko ya kwanza ya Nile, ingawa anayetarajia maji yaangukayo kutoka juu atavunjika moyo; ni mawe ya matale, yaani graniti, yaliyotapakaa mtoni, na mikondo inayopenya katikati yake. Mimi ni wa Mwanza, mawe makubwa yaliyopandana ziwani nimeyaona tangu utoto, na bado haya yalinishangaza kwa weusi wake. Jua na maji yameyavalisha gamba jeusi linalong'aa. Gamba hilo ndilo lililowapa wachongaji karatasi yao: ukiligonga, chini yake jiwe lina rangi isiyokoza, kijivu au yenye wekundu, na alama inaonekana bila wino wowote.

Maandishi mengi yako upande wa kusini-mashariki wa kisiwa, kwenye vilima viwili vya mawe vinavyoitwa Bibitagug na Husseintagug. Kuna tiketi, kuna mlinzi, na kuna njia ya kupandia. Kadi ya mwanafunzi hupunguza bei katika maeneo mengi ya kale ya Misri, kwa hiyo usiiache hotelini. Mlinzi aliandamana nasi tangu mwanzo akinyooshea kidole kila jiwe na kutamka "farao" kwa kila jina, hata majina ya watu ambao hawakuwa mafarao hata kidogo. Bahashishi ni sehemu ya safari, lakini mweleze mapema kwamba unataka kutazama taratibu. Tulipomwambia hivyo alifurahi, akaketi kivulini, na alituita mwenyewe baadaye kutuonyesha mawe ambayo tungeyapita.

Sasa kuhusu kuona. Michongo mingi haina kina. Nilipoinamia mmoja karibu kabisa niliona kwamba mstari wake si mfereji uliokatwa, ni vidoa vidogo vidogo vilivyopigwa kimoja baada ya kingine hadi vikashikana. Ukingo wake una mikwaruzo pale mkono ulipoteleza. Jua likiwa utosini vidoa hivyo humezwa na mwanga, na unaweza kusimama mbele ya jiwe lililoandikwa usione kitu. Jua la asubuhi au la alasiri, linalokuja kwa mshazari, hutupa kivuli ndani ya kila kidoa na maandishi yanasimama. Tulifika mapema kwa makusudi hayo. Pale ambapo jiwe lilikuwa kivulini niliweka tochi ya simu pembeni kabisa, karibu kugusa jiwe, si mbele yake. Kuyamwagia maji au kuyapaka chaki ili picha itoke vizuri ni kuyaharibu. Usifanye na usikubali ufanyiwe.

Sisomi hieroglifi. Nilichofanya kabla ya kuondoka Cairo ni kujifunza majina matatu tu ya wafalme, ambayo huandikwa ndani ya duara refu. La Senusret wa Tatu, Khakaure: duara la jua, kilima chenye miale, na jozi tatu za mikono iliyoinuliwa. La Thutmose wa Kwanza lina jua, nguzo, yule dundu mviringisha mavi, na jozi moja ya mikono. La Thutmose wa Tatu lina jua, ubao wa mchezo na dundu. Matatu hayo yalitosha kunipa hadithi nzima ya mfereji.

Senusret, yapata miaka 3,900 iliyopita, katika mwaka wa 8 wa utawala wake, alikuwa akienda kupigana na Kush, nchi ya kusini huko Nubia. Vyombo vya vita haviwezi kupita salama kwenye mawe haya, basi akatengeneza mfereji: urefu dhiraa 150, upana 20, kina 15. Dhiraa yao ilikuwa kama sentimita 52, kwa hiyo ni mita 78 hivi kwa urefu. Akaupa jina: Njia za Khakaure ni njema. Zaidi ya miaka 300 baadaye Thutmose wa Kwanza akaukuta umezibwa na mawe, hakuna chombo kinachopita, akaamuru ufukuliwe. Ukaziba tena. Thutmose wa Tatu naye, mwaka wake wa 50, akaufukua, na safari hii akaacha agizo: wavuvi wa Elephantine, kisiwa cha jirani, wausafishe kila mwaka.

Nilicheka peke yangu. Wavuvi! Wafalme wawili wameshindwa na mawe, wa tatu anawatwika wavuvi msaragambo wa milele. Kwangu hayo ndiyo maandishi bora ya Sehel, ingawa hakuna anayevuka mto kwa ajili yake.

Wanavuka kwa ajili ya jiwe la njaa, lililo juu ya kilima, na kwa kweli linastahili kupandiwa. Ufa mpana unalikata katikati. Ulikuwepo kabla ya kuchongwa, na mchongaji alikubali kuishi nao. Juu amesimama mfalme Djoser akitoa sadaka mbele ya miungu watatu: Khnum mwenye kichwa cha kondoo dume, Satet mwenye pembe za swala katika taji lake, na Anuket mwenye taji la manyoya marefu, mungu mke aliyekuwa na heshima ya pekee kisiwani hapa. Maneno yanasema Nile haikujaa kwa miaka saba, nafaka zikakosekana, watoto wakalia. Mfalme akamuuliza Imhotep, mshauri wake, mto unazaliwa wapi. Akajibiwa kwamba unalala katika mapango mawili hapo Elephantine, na Khnum ndiye anayeshika mlango. Khnum akamtokea ndotoni, akaahidi maji.

Sheikh alisimama pale muda mrefu. "Miaka saba," akasema, akasoma kwa sauti ya chini aya za Surat Yusuf, za ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Wageni wengi huvutwa na jambo hilohilo. Mimi nilivutwa na mapango. Nimekulia kando ya ziwa ambalo mto huu unatokea, nikisikia maji yake yanafika Misri, na hapa nasimama mbele ya jiwe linalodai yote huanzia chini ya kisiwa cha jirani. Lakini nisijivune sana: mafuriko waliyoyangoja kila mwaka yalitoka zaidi nyanda za juu za Ethiopia, kwa njia ya Nile ya Buluu, si kwetu.

Ila soma mwisho wake. Kwa shukrani mfalme anampa Khnum nchi yote kusini ya Aswan hadi mahali paitwapo Takompso, kingo zote mbili, pamoja na fungu la kumi la samaki, mawindo na bidhaa zinazoshuka kutoka Nubia. Na jiwe halikuchongwa wakati wa Djoser. Lugha na mwandiko wake ni wa enzi ya akina Ptolemaio, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, zaidi ya miaka 2,000 baada yake, wakati ambapo makuhani wa mungu mke Isis wa kisiwa cha Philae, jirani kabisa, walikuwa wakidai nchi hiyohiyo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa baraza la ardhi kijijini anaijua hati ya namna hii: ya zamani mno, ina jina la mkubwa aliyekwisha kufa, na imeonekana siku kesi ilipoanza. Hata hivyo uongo huo umewafaa wanahistoria. Jiwe linaunganisha jina Netjerykhet, lililoandikwa kwenye piramidi ya ngazi ya Saqqara, na jina Djoser, na hivyo likasaidia kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Mmarekani Charles Edwin Wilbour ndiye aliyeligundua, mwaka 1889.

Tulishuka kupitia kijiji cha Wanubi kilichopo kisiwani, tukakaribishwa karkade ya baridi, kile kinywaji chekundu cha maua ya rozela. Kisiwa kiko kaskazini ya mabwawa yote mawili, upande mto unakoteremkia, la 1902 na lile kuu lililokamilika 1970, kwa hiyo hakikumezwa na maji kama vijiji vya kusini ambavyo watu wake walihamishiwa Kom Ombo mwaka 1963 na 1964.

Kama utakwenda, tenga asubuhi nzima, usiichanganye na Philae. Vaa viatu vyenye kushika jiwe, beba maji yako, na uwe na noti ndogo ndogo za mlinzi, kwa sababu chenji haipatikani kule. Kurudi kwetu kulikuwa kwa kubisha, kushoto na kulia hadi mjini, na Sheikh alimwomba nahodha usukani akapewa.