Kunguru, waya na tyubu za baiskeli

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, darasa zima tulipewa mada moja: ndege. Kila mmoja achague ndege wake, atengeneze kazi ya kusimama au kuning'inia, na alete daftari la michoro ya maandalizi. Tulikuwa na miezi mitatu.

Mimi nilikimbilia heroe. Nani hampendi heroe? Miguu mirefu, rangi ya waridi, na maelezo ya kujaza ukurasa hayakosekani, maana Ziwa Natron ndiko wanakozaliana heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki. Nikachora kumi na mbili kwenye manila, nikawapaka rangi, nikampelekea mwalimu. Akawatazama, akauliza, "Binti, umewahi kumwona heroe kwa macho yako?" Nikasema bado. "Basi huyu ni heroe wa kalenda. Nenda soko la vinyago pale Mwenge, wamejaa, na waliowachora wamekuzidi mkono."

Nikajitetea kwa Edward Saidi Tingatinga, kwamba naye alijaza ndege kwenye mbao zake kwa rangi za kung'aa. Mwalimu akacheka. "Tingatinga alitoka kijijini, Tunduru huko. Wewe wa Tandika unaishi na ndege gani?"

Jibu nililijua ila sikulipenda. Kunguru. Ndiye anayeniamsha alfajiri, na ndiye aliyeniibia sabuni mara mbili pale karoni.

Nikaanza kwenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, asubuhi, wakati samaki wanashushwa, nikiwa na daftari dogo na kipande cha mkaa kutoka jikoni. Wiki ya kwanza sikupata kitu. Kunguru ukimkazia macho tu anaondoka, anajua anatazamwa. Nikajifunza kumtazama kwa pembeni kama mtu anayesubiri daladala, na kuchora kiungo kimoja kwa siku: leo shingo, kesho miguu, keshokutwa namna anavyoinama kabla ya kudokoa. Kaka mmoja muuza samaki alinichungulia begani akasema, "Dada, huyo mwizi umchore wa nini? Mchore polisi." Nilicheka, lakini hakuwa peke yake kufikiri hivyo. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na yule kunguru wetu mwenye kifua cheupe siku hizi humwoni mjini kirahisi. Jiji limepigana naye kwa mitego na kwa sumu, na bado yupo. Sikutaka kazi yangu imfanye malaika.

Kilichonifungua ni upepo. Usiku mmoja wa masika mwarobaini wa uani kwetu uliangusha kiota. Asubuhi nikakiokota kwa mkono mmoja, nikalazimika kuongeza wa pili, maana kilikuwa kizito. Kilikuwa cha waya! Vijiti vilikuwemo, lakini vichache. Kulikuwa na waya laini za kufungia nondo, spoki za baiskeli, na henga mbili zilizonyooshwa. Ndani kabisa, pale mayai yanapolala, palitandikwa katani na nywele za rasta, nyeusi na nyekundu. Mama mwenye nyumba akaja, akainama, akavuta kipande kirefu chenye plastiki ya bluu. "Mwanangu, huu si waya wangu wa kuanikia?"

Heroe wakaishia hapo hapo. Nikaamua kutengeneza kiota kikubwa, upana wa mita moja na nusu, chenye kunguru watatu.

Waya nilinunua kwa kilo kwenye vyuma chakavu. Spoki nilipewa bure na mzee fundi baiskeli wa mtaani. Nikafanya kama mtu yeyote angefanya: kila waya mbili zilipokutana nikazifunga kwa plaizi. Siku nne baadaye nilikuwa na kapu. Zuri, imara, lakini kapu. Nikarudi kwenye kile kiota cha mwarobaini, nikakaa nacho sakafuni jioni nzima nikichomoa waya mmoja mmoja. Hakuna hata fundo moja. Kunguru hafungi. Anachomeka waya katikati ya nyingine, na ncha zilizojikunja zinajishikilia zenyewe kama ndoano. Kila anaochomeka unabana uliotangulia.

Nikafumua kazi ya siku nne. Safari hii nilikunja ncha kwanza, nikaanza kuchomeka kutoka nje kuelekea ndani, na nilipoona panalegea sikufunga, niliongeza waya mwingine. Ilinichukua wiki mbili na sindano moja ya pepopunda. Nilipokiinua kwa ukingo mmoja, kikaja chote.

Kunguru wenyewe walinitesa kwa weusi wao. Rangi nyeusi ya kopo iliwafanya waonekane kama masizi, wakati kunguru halisi akipigwa na jua anatoa bluu, hata zambarau. Yule mzee wa spoki ndiye aliyenipa tyubu zilizotoboka. Nikazikata vipande vya umbo la unyoya, nikavichanja pembeni kwa mkasi, nikavipanga kuanzia mkiani kwenda kichwani ili kila kimoja kifunike mzizi wa mwenzake, kama makuti. Nikapaka mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa. Wakang'aa. Shingo nilikuwa sijui nitaifanyaje, mpaka nilipopasua tyubu nyingine nikaona upande wa ndani una ungaunga wa kijivu. Nikaugeuza nje. Basi.

Siku ya kupeleka kazi tulikibeba kwenye guta, mvua ikatunyeshea kuanzia Tandika, na kufikia jioni ya pili waya zilishaanza kutu. Nikaomba msasa. Mwalimu akasema, "Acha. Kile cha mwarobaini hakikuwa na kutu?" Alama zangu zilikuwa nzuri, si za juu kabisa. Aliyetengeneza bundi kwa vifuu vya nazi alinipita, na nilimstahi. Macho ya yule bundi yalinifuata ukumbi mzima.

Siku ya mwisho ya maonyesho bwana mmoja alisimama mbele ya kazi yangu muda mrefu. Akauliza bei, nikamtajia, hakushtuka. Akasema ana mgahawa, angekining'iniza juu ya meza kubwa na kutia taa ndani.

"Ila kunguru uwatoe," akasema. "Wateja watakuwa wanakula."

Nikamwambia nitafikiria. Namba yake ninayo, na kiota bado kipo uani.