Siku moja pale senta, tumebaki maduka manne na paka

Saa 11 na nusu alfajiri. Adhana ishaisha, mvua bado. Mwezi wa 5 Malindi ndo ivo, kusi ikishika hata dera jembamba walianika siku mbili halikauki. Mwanangu nimemwamsha mara tatu ndo akaamka. Chai ya rangi na mahamri ya jana, wanaosema hamri lazima liwe la moto hao hawajawahi kulea peke yao.

Saa 1 na nusu nimesimamisha tuktuk hapa Maweni, dereva kitoto tu, nikamwambia nipeleke senta. "Senta gani mama?" Ile senta ya maduka ya zamani, barabara ya Lamu, yenye makuti. Akafikiria. "Aaah, pale penye paka wengi!"

Nilinyamaza mpaka nikashuka. Miaka ile tuktuk hazijaingia mjini ukimwambia mtu senta hakuuliza gani.

Saa 2. Soja wetu, mzee mmoja wa Kigiriama ambaye sote twamwita baba, yuko getini na koti la mvua. "Umeamkaje baba?" "Nimeamka salama mwanangu, lakini maji yameingia kwako." Kila nikisikia mvua usiku najua maji yameingia kwangu. Makuti yameoza, mwenye jengo yuko mbali na simu yake ikilia haishikwi. Shata la mlango limeshika kutu upande wa kulia, lazima ulipige teke moja chini, si kubwa, ndo linapanda.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu zamani kilikuwa duka la aiskrimu, na walipohama waliacha ile kaunta ya kioo, nzito, hata watu wanne hawaibebi. Ina mashimo 12 ya kutilia mabakuli ya aiskrimu, na kila shimo lina kifuniko chake na kibandiko kwa Kitaliano. Sasa mimi mashimo ndo nimeyafanya nyumba ya nyuzi. Pistacchio naweka nyuzi za kijani, limone za manjano, fragola nyekundu, cocco nyeupe, na ile ya chokoleti nimejaza nyuzi za kahawia manake sare za shule hazishi mji huu. Kuna shimo la stracciatella, hilo sikujua rangi yake ni gani nikalitilia zipu na vifungo. Msichana ninayemfundisha kazi hajawahi kuona aiskrimu ikiuzwa hapa, yeye anajua tu nikisema nipe uzi wa fragola ni mwekundu. Siku moja alienda duka la vitambaa kule sokoni akaitisha uzi wa fragola, yule Mhindi alicheka mpaka akakaa chini.

Mpaka saa 3 nilikuwa napangusa maji tu.

Saa 4 na kidogo kaja babu wa Kitaliano. Huyu ndo mteja wangu wa zamani kuliko wote, amekuja nchi hii kikazi kule Ngomeni, San Marco, kile kituo cha roketi cha Wataliano, wakati bado wanarusha roketi baharini. Wageni wengi hawajui kuwa Wataliano walijaa Malindi kwa sababu ya mambo hayo. Ile setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, na roketi ya mwisho ilitoka 1988, yeye alikuwepo, akihadithia anatia na mikono na sauti. Wale mafundi wakaenda kwao wakasema kuna bahari na jua na samaki, ndugu zao wakaja, wakajenga mahoteli na nyumba, na mahoteli yakazaa senta.

Amekuja na suruali. "Signora, kidogo tu hapa," anajifinya kiuno. Suruali hiyo hiyo nishaipunguza mara tatu. Nikampima kwa futi, nikapiga mstari wa chaki, nikanyamaza. Zamani akishanipa kazi alikuwa anavuka ua anakaa pale baa ya kahawa na gazeti lake mpaka niite. Baa haiko, meza zake ziliuzwa, basi sasa anakaa kwenye ukingo wa ile chemchemi iliyokauka, na soja wetu anamtilia kahawa tungu kwa kikombe kidogo, wazee wawili hawaelewani lugha vizuri wanatazama paka.

Saa 5 mpaka saa 6 nashona. Sare nne, pindo mbili, zipu moja ya mkoba ambayo ilinitoa jasho kuliko sare zote.

Nikishona mawazo yanaenda yenyewe. Mimi hapa sikuanza na cherehani, nilianza 1999 kwa ile supamaketi ya hapo kona, nina miaka 19, kazi yangu kubandika bei. Ulipewa kile kibunduki cha bei kinafanya tak tak tak, unapita rafu kwa rafu. Eesii, ile mashine ya baridi, kali, ukitoka nje macho yanatoka machozi. Mpaka leo ukiingia kile chumba, sasa ni stoo ya viti vibovu, kwenye ubao wa rafu kuna kibandiko kimoja cha rangi ya chungwa, sh 385, cha chupa ya zeituni. Nakijua manake nilikibandika mimi vibaya, badala ya chupa nikakipiga kwenye ubao, nikaogopa kukibandua meneja asione. Miaka yote hiyo hakijang'oka, dari ndo imeng'oka.

Mlango wa pili kulikuwa na duka la kubadilisha pesa. Kabla noti za yuro hazijatoka 2002 wageni walikuja na lira, kuna noti ya laki moja na kuna ya laki tano, sisi wasichana tukiiona twashika vifua, laki tano! mtu mmoja! kumbe ilikuwa kama yuro 258 tu. Jioni mwezi wa 12 huwezi kupita pale uani, muziki, watoto wao wanakimbia na aiskrimu zinawachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na sisi tukitoka kazini tulikuwa tunapita polepole makusudi.

Watu wakiniona naongea hivi wananiambia mama wewe unapenda mambo ya wazungu. Hapana, ngoja nikwambie. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuja siku moja kutoka Mambrui kuniletea chakula, kikapu chake kichwani, wali wa nazi na papa ndani. Soja wa siku hizo, si huyu, akamwambia asubiri nje, mizigo haingii. Akasubiri getini kwenye jua saa mbili nzima, mimi niko ndani na eesii nabandika bei za zeituni, hakuna aliyeniambia. Hakunigombeza. Alinipa chakula akaenda zake stendi, na mpaka amekufa hakuwahi kuingia humu ndani. Sasa hapo getini hakuna anayezuiwa, watoto wa Muyeye wanacheza mpira kwenye paking na mabuyu wanauza pale, na mimi bado natamani ule mwaka wa 1999 urudi. Sijui nimeumbwaje.

Saa 7 mchana swala, halafu mwanangu kapita kutoka chuo tukala viazi karai vya yule dada wa nje. Akanifungulia simu, "Mama ebu ona wenzako." Ni video za senta za Marekani zilizokufa, kubwaaa, ngazi za umeme zimesimama, miti imeota ndani. Nimeangalia mpaka chai ikapoa. Ya kwanza kabisa ya kufunikwa yote juu mpaka chini, yenye eesii, ilifunguliwa 1956 mji wa Edina jimbo la Minnesota, inaitwa Southdale, hiyo ingali wazi. Aliyeichora ni Victor Gruen, mtu wa Vienna aliyekimbilia Marekani 1938 kwa sababu ya Hitler. Na huyo bwana kumbe hakutaka maduka peke yake, alitaka iwe na nyumba, shule, zahanati karibu, watu watembee kwa miguu, wakae, waongee. Yaani alikuwa anatafuta baraza! Angekuja tu hapa Shella akakaa kwenye baraza la nyumba ya mtu akapewa kahawa bure, asingejisumbua. Walimjengea maduka na paking, akaja kuzichukia mwenyewe akarudi zake Vienna.

Kuna nyingine Ohio, Randall Park, 1976 ilipofunguliwa walisema hakuna kubwa kuishinda duniani. Ikafungwa 2009, ikavunjwa, na pale pale Amazon wakaweka ghala lao. Kwa hivo aliyekuwa anaenda kununua kiatu pale sasa anakaa kwake anabonyeza simu na kiatu kinatoka pale pale kinamfuata. Mwanangu alicheka, mimi sikucheka sana.

Kwetu hapa kila mtu anakwambia ni korona. Korona ilikuta mgonjwa kitandani. Uchaguzi wa Desemba 2007 vurugu zikaanza, mahoteli yakabaki matupu katikati ya sizini. 2011 wageni wakatekwa kule visiwa vya Lamu. Septemba 2013 magaidi wakavamia Westgate, senta ya Nairobi, hapo ndo tukaletewa kile kifimbo cha kupapasia watu kinacholia pii, siku nzima wateja sita, kila mmoja anapapaswa kama ameingia ndege. 2014 watu wakauawa Mpeketoni, kule kule Lamu, balozi zikawaambia watu wao wasije pwani. Na kuna moja hawaisemi, ile bangili ya plastiki ya hoteli, mgeni akishavishwa analala anakula anakunywa ndani kwa ndani ashalipia kwao, atakuja senta kununua nini? Sisi kaunta tuliiona mapema kuliko wenye jengo, toroli zilianza kuwa nyepesi, maji mawili, mafuta ya jua, basi.

Na jengo lenyewe lilijengewa mteja mmoja tu. Hakukuwa na unga wa sima humo ndani. Yule mteja alipokata mguu wakageuka kutuita sisi wenyeji karibuni karibuni, na sisi tushazoea kupita kwa mbali.

Saa 9 stima ikapotea, cherehani yangu ya kukanyaga haijali, saluni ya jirani ndo ilipiga kelele, mteja nusu kichwa kikavu nusu kimelowa.

Saa 10 ndo kaja mtu wa skrapu. Sikumuita mimi, ametumwa na mwenye jengo, kumbe simu zingine huwa anazishika. Kijana mpole, "Shikamoo mama, nimekuja kuona ile friji ya kioo." Nikamwambia si friji hiyo, ni kaunta. Akasema wameambiwa ni friji. Hakuja na kipimo, akaniomba futi yangu, basi nikamuazima futi akapima kaunta yangu mbele yangu, urefu, upana, akapiga goti akachungulia mota chini, akaandika kwenye mkono kwa kalamu. Akainua kifuniko cha pistacchio akakuta nyuzi. Akakifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. "Ni nzuri hii mama. Kuna mtu Watamu anaitaka, si ya kuvunja, ya kuuzia aiskrimu." Wanakuja Jumamosi wakikubaliana bei.

Msichana wangu akauliza nyuzi tutaweka wapi. Kwenye gunia, nitasema nini.

Saa 11 babu alikuja kuvaa suruali, ikamkaa, akalipa 200 na chenji hakutaka. Saa 12 kasoro nikashusha shata, teke, kufuli. Soja ananiambia kesho mvua tena, paka watatu wamelala kwenye kiti cha baa ambacho sijui kimetoka wapi.

Saa 2 usiku, niko jikoni, simu. Yule kijana wa skrapu. Mteja wa Watamu anauliza, vifuniko vyote vinafunga sawasawa? Manake kimoja kikiwa kibovu baridi inatoka, hataki.

Nikamwambia kile cha pistacchio hakifungi mwanangu, kimepinda zamani.

Kinafunga. Vyote 12 vinafunga.